Pumzi, Saa na Maji: Kijitabu kwa Wapiga Mbizi wa Malindi na Kilifi

Kijitabu hiki ni cha wanaozama bila mtungi: wavuvi wa pweza na kamba kuanzia Ngomeni hadi Takaungu, na vijana wanaozama kwa kujifurahisha. Mabishano ni yale yale kila bandari: pumzi ya asubuhi ndiyo ndefu, au ya jioni?

Saa ya mwili

Joto la mwili hushuka chini kabisa karibu na alfajiri, likapanda hadi kilele chake jioni. Mwili wenye joto zaidi hula oksijeni zaidi. Kwa hesabu hiyo asubuhi ingeshinda. Lakini njia za hewa nazo huwa nyembamba alfajiri na pana alasiri, ndiyo maana pumu hupenda kumkaba mtu usiku wa manane. Mambo haya mawili yanavutana, na kwa mtu mwenye afya tofauti inayobaki si kubwa. Tumbo lililoshiba, usingizi mchache na baridi vinakata pumzi kuliko saa yenyewe. Aliyefunga Ramadhani naye, alasiri mwili wake umekauka. Heri azame asubuhi. Mwenye pumu amwone daktari kwanza.

Saa ya bahari

Hii ndiyo yenye uzito. Siku za bamvua, mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji ya pwani yetu hupwa kabisa mnamo saa 4 au saa 5 asubuhi, na hujaa saa 10 hivi alasiri. Kati ya hapo yanapanda mita 3 na kitu. Pango la pweza ulilolifikia asubuhi kwa mita 3, alasiri liko mita 6. Jiwe ni lile lile na pumzi ni ile ile, ila njia imekuwa mara mbili. Na mvuvi aliyeanza saa 3 kwa kawaida amechoka na anatetemeka wakati huo huo maji yanapozidi kina. Siku za maji mafu kupwa huangukia alasiri, na tofauti ya kina ni ndogo. Msimu wa mvua Sabaki hushusha tope hadi Malindi: usizame mahali mwenzako hawezi kukuona.

Kinachoua

Wengi wetu tumefundishwa kuvuta pumzi haraka haraka kabla ya kuzama. Acha. Kinachokulazimisha kupumua si upungufu wa oksijeni, ni kabonidioksidi inayojaa damuni. Ukihema hivyo unaifukuza, lakini oksijeni haiongezeki kwa kiasi cha maana. Basi hamu ya kupumua inachelewa, nawe unajiona hodari, huku oksijeni inakwisha. Hatari kubwa iko njiani kurudi: mgandamizo wa maji ukipungua, nguvu ya oksijeni mapafuni hushuka ghafla. Kutoka mita 6 hadi juu inapungua karibu asilimia 40, hata kabla ya kuhesabu uliyoitumia. Mtu huzimia akiwa amebakiza mkono mmoja kufika, wala hapigi kelele.

Pumua polepole, kama kawaida, kisha zama. Ukiibuka, pumzika juu angalau mara mbili ya muda uliokaa chini. Mkiwa wawili, mmoja azame na mwingine abaki juu akimtazama mpaka aibuke na apumue vizuri, kwa sababu wengine huzimia baada ya kuibuka. Wawili wanaozama pamoja ni sawa na kila mmoja kuzama peke yake. Tunajua hii inapunguza mawindo ya siku. Hatuna njia ya mkato.

Mwenzako akizimia

Mtoe uso majini, mvue miwani, mwite jina. Asipopumua, mpulizie pumzi 5 mdomoni, mfikishe ufuoni au chomboni, na kama bado hapumui, kandamiza kifua mara 30 na pumzi 2, bila kusita. Usimkamue tumbo kutoa maji. Piga 999. Hata akizinduka na kucheka, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo, kwani maji yaliyoingia mapafuni yanaweza kumzidia saa kadhaa baadaye.