Gari Linapowasha Taa za Onyo: Tuchunguze Njia Kabla ya Kuihukumu Kompyuta



Katika somo la toleo hili tunazungumzia hitilafu inayowasumbua wenye magari katika miji yetu ya mpakani, kuanzia Busia na Malaba hadi Mutukula. Gari linawasha taa tatu au nne za onyo kwa mara moja. Fundi anachomeka mashine ya kupimia, nayo inajibu kwamba mawasiliano na kompyuta ya breki yamekatika. Mwenye gari anaambiwa anunue kompyuta nyingine. Jioni anatokea mtu asiyejulikana, mkononi ana kompyuta iliyokwisha kutumika, bei yake nafuu, stakabadhi hana. Hapo ndipo shida ya ufundi inapogeuka kuwa jambo la polisi.

Gari la kisasa lina kompyuta ndogo nyingi: ya injini, ya gia, ya breki, ya mifuko ya hewa. Badala ya kila moja kuvutiwa waya wake hadi kwa mwenzake, huzungumza kupitia nyaya mbili zilizosokotwa pamoja. Utaratibu huo, uitwao CAN, ulitangazwa na kampuni ya Bosch mwaka 1986. Kila kompyuta hutoa habari zake kwenye nyaya hizo, na nyingine husikiliza. Ile ya breki, kwa mfano, hutangaza mwendo wa magurudumu. Ikinyamaza, wenzake huandika kwamba hawaisikii.

Basi tuuelewe ujumbe huo kwa maana yake. Ni ushahidi wa msikilizaji. Haukusema kwamba kompyuta ya breki imeharibika. Umesema tu kwamba sauti yake haifiki. Jirani asipoitikia hodi, hatuandiki kwamba amefariki. Twachunguza kwanza.

Uchunguzi wa fundi mwangalifu hufuata hatua hizi.

Kwanza, hupima betri, fyuzi, na waya wa hasi unaofungwa kwenye bodi. Kompyuta iliyokosa umeme wa kutosha hunyamaza hata kama ni nzima.

Pili, huzisoma kompyuta zote, wala haridhiki na moja. Zikilalamika zote juu ya mwenzao mmoja, hitilafu iko karibu na huyo: umeme wake, plagi yake, au tawi la nyaya zake. Zikinyamaza zote, huenda njia kuu imekatika au nyaya zimegusana.

Tatu, huondoa waya wa betri, husubiri dakika chache, kisha huweka mita ya umeme kwenye soketi ya kupimia iliyo chini ya usukani, matundu namba 6 na 14. Katika kila mwisho wa njia kuu mna kikinza cha omu 120. Kwa kuwa ni viwili sambamba, mita huonyesha karibu omu 60. Ikionyesha 120, upande mmoja umekatika. Ikikaribia sifuri, nyaya zimegusana. Katika baadhi ya magari mapya soketi hiyo imetengwa na njia nyingine kwa kompyuta ya lango. Hapo fundi hupima kwenye njia yenyewe, akiwa na mchoro wa gari.

Nne, nyaya zikiwa zimegusana, huchomoa kompyuta moja baada ya nyingine. Hitilafu ikiondoka, mkosaji ni ile iliyochomolewa au tawi lake.

Mara nyingi kisa huwa kidogo: plagi iliyoingia maji, waya uliotafunwa na panya, au king'ora kilichofungwa kwa kukata nyaya zisizostahili kukatwa. Waya hurekebishwa, husokotwa tena na mwenzake kama ulivyokuwa, na safari huendelea. Ni baada ya hatua zote hizo tu ndipo kompyuta yenyewe hushukiwa.

Kwa nini polisi tunasisitiza hayo? Kwa sababu mbili. Ya kwanza ni uhai. Taa ya ABS ikiwaka, kwa kawaida breki bado hushika, lakini ukizikanyaga kwa nguvu kwenye barabara yenye utelezi magurudumu yaweza kujifunga na gari likakosa mwelekeo. Anayeitoa balbu ya onyo ili kumridhisha abiria hajatengeneza gari. Amewanyima abiria habari. Taa nyekundu ya breki ikiwaka, simamisha gari mahali salama.

Ya pili ni uhalali. Kompyuta nyingi za injini huhifadhi ndani yake namba ya chesi ya gari zilimotoka. Ukinunua kwa mtu usiyemjua, waweza kuwa unaendesha gari lako ukiwa na namba ya gari lililoibwa ng'ambo ya mpaka, na wewe ndiwe utakayetakiwa kueleza.

Kwa hiyo, kabla ya kutoa fedha, mwulize fundi wako: Umepima betri na fyuzi? Kompyuta zipi zinalalamika, na juu ya nani? Mita imeonyesha omu ngapi? Asiye na majibu hajamaliza uchunguzi. Na ukilazimika kununua, nunua dukani, udai stakabadhi yenye jina la muuzaji, uihifadhi. Ukiletewa kifaa unachokishuku, tuarifu katika kituo kilicho karibu nawe kabla hujakilipia.