Foto ya dosie inanenepesha uso

*Mtaalamu, nina studio ndogo ya foto hapa Manika, Kolwezi. Vijana wanaoomba kazi migodini wanataka foto ya milimita 35 kwa 45. Nikiandika vipimo hivyo kwenye GIMP, uso unanenepa. Kosa liko wapi?*
*Mpiga foto, Kolwezi*

Ndugu, kamera yako ni nzima. Unabadilisha ukubwa badala ya kukata. Kamera nyingi za studio hutoa foto ya uwiano wa 2 kwa 3. 35 kwa 45 ni 7 kwa 9, umbo pana zaidi. Ukilazimisha la kwanza liwe la pili, mashavu ndiyo yanayopanuka.

Fanyia kazi nakala, foto ya asili usiiguse. Bonyeza Shift na C upate zana ya kukata, washa uwiano usiobadilika, andika 35:45, kisha vuta fremu ikae usoni. Acha nafasi juu ya nywele: wengi hukaza fremu mpaka msuko wa dada wa watu unakatwa, naye kalipia siku nzima ya kusukwa. Bonyeza Enter, ndipo upunguze hadi pikseli 413 kwa 531, zinazotosha kuchapa kwa pikseli 300 kwa inchi.

Kipande ulichokata kisipofika pikseli hizo, au kichwa kikigusa ukingo, mpige upya kabla hajaondoka.