Dondoo muhimu: Siku ya kwanza kwenye kikao cha wafumaji

Anayekwenda kufuma na wenzake kwa mara ya kwanza, iwe ni chama cha mtaa wa Buruburu au Umoja, hana haja ya kubeba duka zima.

1. Beba kazi nyepesi, kama kitambaa cha kochi. Sweta yenye mchoro itakupotezea hesabu gumzo likikolea.

2. Chagua uzi mweupe au wa rangi hafifu. Mweusi huficha vitanzi.

3. Choma ncha za sindano kwenye kizibo kabla ya kupanda matatu.

4. Nunua uzi wote kwa mpigo, lebo zikiwa na namba moja ya mkupuo wa rangi.

5. Sweta ya mtumba kutoka soko la Gikomba hufumuka vizuri ukitaka uzi, ila igeuze ndani kwanza: iliyokatwa na kushonwa kwa ovaloki itakupa vipande vifupi tu, hasara tupu.

6. Ukikwama, uliza jirani kabla ya kufumua.