Kupima Athari za Ajali za Migodini kwa Idadi ya Watu na Uhamaji

Tarehe 13 Januari 2024, wakati wa mvua kubwa, kifusi kiliwafunika wachimbaji wadogo wa dhahabu katika machimbo ya Ng'alita, Wilaya ya Bariadi, Mkoa wa Simiyu. Watu wasiopungua 22 walifariki. Hesabu ya namna hiyo ndiyo hutangazwa kwanza baada ya kila ajali, na mara nyingi huwa ndiyo ya mwisho. Kwa mtaalamu wa demografia, hata hivyo, hesabu ya waliokufa ni mwanzo tu wa kazi. Ajali huua, hufukuza, na huzuia wengine wasije.

Mlinganyo wa msingi

Mabadiliko ya idadi ya watu wa mahali popote huelezwa hivi:

Idadi ya mwisho = idadi ya mwanzo + waliozaliwa − waliokufa + waliohamia − waliohama

Ichukuliwe kambi ya kubuni yenye wachimbaji, wasaga mawe na mama lishe, jumla watu 1,000. Katika mwaka wa ajali wamezaliwa 30, wamekufa 30, ambao 20 kati yao ni kwa ajali, wamehamia 50, wamehama 400. Idadi ya mwisho ni 650.

Je, athari ya ajali ni upungufu wa watu 350? La. Sharti kwanza ikadiriwe hali ambayo ingekuwapo bila ajali. Makadirio hayo hupatikana kwa kutazama mwenendo wa miaka iliyotangulia, au kambi jirani isiyopatwa na maafa. Tuseme wangezaliwa 30, wangekufa 10, wangehamia 100 na kuhama 60: kambi ingekuwa na watu 1,060. Athari ya ajali basi ni upungufu wa watu 410: vifo 20, wahamaji wa ziada 340, na watu 50 ambao hawakuja.

Uwiano wa aina hii si wa kubuni tu. Ajali ya kinu cha nyuklia cha Chernobyl, Ukraine, mwaka 1986, iliua watu wapatao 30 katika miezi ya kwanza, lakini watu wapatao 116,000 walihamishwa mwaka huohuo.

Hasara huhesabiwa wapi?

Anayehama kambini hupunguzwa kambini na kuongezwa kwingineko. Kwa hiyo katika hesabu ya taifa uhamaji wa ndani hujifuta, na vifo hubaki. Lakini hata vifo havina mahali pamoja. Kijana wa Mwandoya, Wilaya ya Meatu, akifa katika machimbo ya mbali, mgodi hupoteza mchimbaji mmoja, ambaye nafasi yake yaweza kujazwa baada ya wiki chache. Kaya yake hupoteza jembe la msimu wa pamba, ada ya shule ya wadogo zake, na pengine mume na baba.

Sensa peke yake haiwezi kuonyesha jambo hili. Sensa ya 2022 ilimhesabu kila mtu mahali alipolala usiku wa kuamkia tarehe 23 Agosti. Ilionyesha kwamba Simiyu ilikua kutoka watu 1,584,157 mwaka 2012 hadi 2,140,497, yaani takriban asilimia 3 kwa mwaka. Lakini aliyelala machimboni usiku huo alihesabiwa huko. Aidha, hesabu ifanywayo kila baada ya miaka kumi haiwezi kunasa mshtuko wa mwezi mmoja.

Uchunguzi wa kaya

Njia ifaayo ni kuuliza kaya katika vijiji vya asili: nani alikuwa akiishi hapa kabla ya ajali, nani yuko mbali, na wapi, nani amerudi, nani amefariki, na alifia wapi, nani sasa anafanya kazi yake. Mitego ni miwili. Kaya iliyohama yote haina wa kujibu. Hapo daftari la wakazi la kijiji na majirani husaidia. Pili, marehemu mmoja aweza kutajwa na wazazi wake na pia na mjane wake, akahesabiwa mara mbili.

Maswali

1. Katika mfano wa kambi, ikiwa wahamaji 200 watarudi mwaka unaofuata, ni sehemu gani ya athari ni ya kudumu?
2. Kwa nini kijiji cha asili chaweza kuongezeka watu baada ya ajali, na bado kikawa maskini zaidi?
3. Tayarisha hojaji ya maswali sita kwa kaya za kijiji chako. Eleza jinsi utakavyowauliza wafiwa bila kuwatonesha jeraha.