SOMO: Bei ya Umeme wa Nyumbani Uganda



Wengi mnauliza: mabwawa yamejengwa, mbona umeme wa nyumbani bado ni ghali? Tuanze na mita, maana hapo ndipo pesa zenu zinapopotelea.

Nchini Uganda yuniti 15 za kwanza za kila mwezi huuzwa shilingi 250 kila moja, ili kumsaidia mtu wa kipato kidogo. Zikiisha, bei hupanda. Mwaka 2025 ilizidi kidogo shilingi 750, kabla ya kodi. Lakini angalieni sana: nafuu hiyo hufuata mita, haifuati familia.

Chukueni kambi ya shamba la chai, familia nne kwenye mita moja ya Yaka. Kila familia inatumia yuniti 15, jumla 60. Yuniti 15 kwa shilingi 250 ni 3,750. Zilizobaki 45, tukihesabu kwa 750, ni 33,750. Jumla 37,500, yaani kila familia 9,375. Kila familia ingekuwa na mita yake, ingelipa 3,750 tu! Mita ndogo anayofunga mwenye nyumba haiondoi tatizo. Hiyo hugawa deni tu, kwa sababu mbele ya shirika mteja ni mmoja.

Je, bei itashuka? Kampuni ya Umeme ilisambaza umeme tangu 2005 hadi 31 Machi 2025, nayo iliruhusiwa faida ya asilimia 20 juu ya mtaji wake. Kazi hiyo sasa ni ya UEDCL, shirika la serikali, na mzigo huo umeondoka. Mingine ipo. Bwawa la Bujagali la megawati 250, lililokamilika 2012, lina mkataba wa miaka 30. Karuma, megawati 600, lililofunguliwa 2024, lilijengwa kwa mkopo wa China. Madeni ya namna hii hulipwa kwa dola: shilingi ikianguka bei husukumwa juu, hata mto ukijaa maji. ERA, mamlaka inayopanga bei, huirekebisha kila miezi mitatu. Kwa maoni yangu tusitazamie bei kushuka ghafla.

Basi matawi yenye kambi yadai katika mapatano yajayo: kila nyumba mita yake, na mwajiri alipe gharama ya kuunganisha. Kwanza muulizeni karani mita ya kambi imeandikishwa kwa bei gani. Ikiwa ni ya biashara, hata zile yuniti 15 hampati.