Mbwa Mkubwa Anapohamia kwa Mwenyewe Mpya

Barua ya uhamisho huja na tarehe ya kuripoti kazini, na mbwa hatajwi humo. Wengine hawahamishwi ila wamepata nyumba ya kupanga, na mwenye nyumba keshasema hataki mbwa. Kwa vyovyote, uani amelala jemani shepadi wa kilo 38 na hajui lolote. Mimi nilipitia hayo nilipoondoka Mbeya, na mbwa wangu Simba akahamia Iringa. Niliyojifunza nayaandika kwa yeyote wa Nyanda za Juu Kusini aliye katika mtihani huohuo.

1. Anza mapema, miezi miwili kabla ukiweza.

Ukianza kutafuta wa kumpa zikiwa zimebaki siku tatu lori lije kubeba vyombo, utampa yeyote atakayetokea. Mimi nami mara ya kwanza nilimpa aliyetokea. Siku tisa baadaye nilimkuta Simba nyuma ya banda la kuku, amefungwa mnyororo usiofika hata mita mbili, shingo imechubuka. Nikamrudisha nyumbani siku ileile nikaanza upya, safari hii bila haraka. Na usikubali kabisa ushauri wa kwenda kumshusha porini au sokoni "ajitafutie". Mbwa aliyezoea sahani hajui kujitafutia, na Tanzania ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama, Na. 19 ya mwaka 2008, inayokataza ukatili kwa wanyama.

2. Chanjo ya kichaa cha mbwa itangulie.

Mpeleke kwa daktari wa mifugo angalau mwezi mmoja kabla ya makabidhiano, maana kinga huchukua wiki kadhaa kujengeka mwilini. Hata kama kadi inaonyesha chanjo ya mwaka juzi, achomwe tena. Mpe na dawa ya minyoo, aogeshwe dawa ya kupe, na kama ni dume usilotaka litumike kuzalisha, zungumza na daktari kuhusu kulihasi kabla halijaondoka. Kadi ya chanjo iandamane na mbwa. Mwenyewe mpya ajue hili pia: mtu aking'atwa na mbwa yeyote, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyohiyo. Kichaa cha mbwa dalili zikishatokea, karibu kila mgonjwa hufa.

3. Sema ukweli wote, hata unaokuaibisha.

Hapa ndipo wengi wetu tunapokosea. Tunamsifia mbwa kama tunayemtafutia mchumba. Anapenda watoto, hana shida, analinda vizuri. Kumbe kuku wawili wa jirani ameshawamaliza. Simba aliogopa radi. Mvua za Novemba zikianza alikuwa anajikunja chini ya meza na ukimvuta anaguna. Aliwachukia pia watu wanaoshuka kwenye pikipiki na helmeti kichwani. Yote mawili niliyasema, na bwana mmoja wa Kihesa, Iringa, aliyekuja kumchukua akanishukuru, kwa sababu mwanawe ni dereva wa bodaboda. Walianza kumzoesha helmeti kwa kuiweka chini karibu na chakula chake. Ningenyamaza, pengine siku ya kwanza tu kijana angeraruliwa.

Kama mbwa wako amewahi kumng'ata mtoto, asiende nyumba yenye watoto. Hilo halina mjadala.

4. Uliza nani atashika kamba.

Wanaokuja kuomba mbwa mkubwa wengi wanataka "mbwa mkali": mchana afungwe, usiku aachiwe. Mbwa anayeshinda kwenye mnyororo hageuki mlinzi hodari. Anageuka mwoga, na mwoga hung'ata asiyestahili, mara nyingi mtoto wa nyumba au mama muuza maziwa. Kwa hiyo uliza kwa upole lakini usiishie njiani: nani atampikia? Mkisafiri atabaki na nani? Nyumba ni yenu au mmepanga, na mwenye nyumba anajua? Uzito ni jambo la kweli. Boerboel, mbwa wa asili ya Afrika Kusini ambaye sasa anaonekana kwenye mageti yetu, anaweza kuzidi kilo 70, na mfuko wa saruji una 50. Bibi wa miaka sabini anayeishi na mjukuu wa darasa la pili hawezi kumzuia akiamua kukimbia.

Majirani nao waulizwe. Waislamu wengi hujiepusha na mate ya mbwa, hivyo kama jirani ni Mwislamu, banda lisiegemee ukuta wake wala njia anayopita kwenda msikitini.

5. Nenda ukaone uani kwa macho yako.

Michongoma inapendeza, lakini chini yake huwa na matundu ambayo mbwa anayetafuta njia ya kurudi kwao atayaona kabla yako. Banda lake je? Juni na Julai baridi ya Uyole, Makambako na Mafinga inaingia hadi kwenye mifupa, na mbwa mkubwa akilala kwenye saruji tupu viungo vyake huumia mapema, hasa nyonga za jemani shepadi. Sakafu ya mbao iliyoinuliwa kidogo, nyasi kavu au gunia, na mlango usiotazama upepo. Inatosha.

6. Wakutane zaidi ya mara moja.

Mara ya kwanza kwako, mara ya pili matembezini, mara ya tatu mgeni ndiye ampe chakula. Usiruke hatua.

7. Chakula kiende naye.

Simba alikula ugali wa dona na usipa wa Kyela. Nilimfungashia wa wiki mbili, kisha wenyeji wake wakabadilisha kidogokidogo. Ukibadilisha kwa ghafla ataharisha, na watadhani umewapa mbwa mgonjwa. Alishwe mara mbili kwa siku badala ya sufuria moja kubwa, na akishakula apumzike. Mbwa mwenye kifua kirefu anaweza kujaa gesi, tumbo likajipinda, na hapo akafa ndani ya saa chache. Mifupa iliyopikwa asipewe kwa sababu hupasuka vipande vyenye ncha.

Nina neno moja zito juu ya mahindi. Mikoa yetu inalisha nchi, na kila ghala halikosi mahindi yaliyoota ukungu. Wengi husema, "Haya yatakuwa ya mbwa." Sumukuvu iliyomo humo inaharibu ini la mbwa kama inavyoharibu la binadamu, na kuyapika hakuiondoi. Yatupe.

8. Safari ipangwe alfajiri.

Kutoka Mbeya mjini hadi Iringa ni zaidi ya kilomita 300. Usitegemee basi. Tafuta gari dogo la binafsi au kirikuu yenye turubai, na mtu anayemfahamu mbwa akae naye nyuma. Watu husahau kwamba barabara ile inashuka. Unaondoka Uyole na koti, ukifika Igurusi, Chimala hadi Igawa joto la Usangu linakupokea, kisha unapanda tena kwenye baridi ya Makambako. Mbwa hatoi jasho kama sisi, anapoa kwa kuhema, na ndani ya gari lililofungwa vioo juani atakufa wakati ninyi mnakunywa chai. Asubuhi hiyo asile, apewe maji kidogokidogo, na msimame mahali tulivu ajisaidie, kamba ikiwa mkononi kabla mlango haujafunguliwa. Kuhusu kibali cha kumvusha mnyama kutoka mkoa mmoja kwenda mwingine, muulize mapema daktari wa mifugo wa halmashauri yako.

9. Andikianeni.

Karatasi moja, nakala mbili, mjumbe awe shahidi. Iseme mbwa ni wa nani kuanzia leo, afya yake ikoje, na kwamba wakishindwa watakuambia wewe kwanza kabla ya kumpa mtu mwingine. Kwenye karatasi ya pili andika maneno anayoyaelewa. Simba aliketi kwa "sit", alikuja kwa "njoo", na "toka" ya mke wangu aliitii kuliko yangu. Familia inayosalimiana "kamwene" kutwa nzima haiwezi kubahatisha maneno hayo.

10. Wiki mbili za kwanza zina hatari kuliko miezi yote itakayofuata.

Atakataa chakula, atalia usiku, atatafuta tundu la kutokea. Asiachiwe geti likiwa wazi, asibadilishwe jina, wageni wasije kumwona kwa makundi. Alale na kitu chenye harufu ya kwenu; mimi nilimpa fulana yangu kuukuu. Wafugaji wengi huhesabu siku tatu za hofu, wiki tatu za kuzoea na miezi mitatu ya kujiona mwenyeji. Kwa Simba ilikuwa hivyo hivyo, ila ile hofu ilikula siku tano.

11. Usiende kumwona mapema.

Najua unavyojisikia. Nilipita Ipogolo, palepale Iringa, wiki ya pili tu nikielekea Dar es Salaam, na nilimwomba dereva asisimame. Ukimtokea na kuondoka tena, unamrudisha siku ya kwanza. Piga simu, omba picha, subiri miezi mitatu.

Nilimtembelea Simba mwezi wa tano. Alinikimbilia, akanilamba mikono, akarudi kukaa miguuni pa kijana wa bodaboda. Helmeti ilikuwa pembeni yake kwenye majani.