Uvimbe wa Tezi kwa Aliyepandikizwa Figo

Upandikizaji wa figo ulifanyika kwa mara ya kwanza Hospitali ya Taifa Muhimbili Novemba 2017, na Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, ikafuata mwaka 2018. Hivyo katika familia zetu wamo watu wanaoishi kwa figo waliyopewa na ndugu. Mwezi huu tujifunze jambo moja linalowahusu: kuvimba kwa tezi.

Tezi hizi ni nini?
Ni vijitezi vidogo kama maharage, vilivyopo shingoni, kwapani, kinenani, na ndani ya kifua na tumbo. Kazi yake ni kuchuja majimaji ya mwili yaitwayo limfu na kunasa vijidudu. Ndiyo maana kidonda cha mguu huleta mtoki kinenani.

Kwa nini aliyepandikizwa awe mwangalifu zaidi?
Mwili huiona figo ya mtu mwingine kuwa adui. Ili usiikatae, mgonjwa humeza kila siku dawa za kupunguza kinga, kama takrolimasi au siklosporini. Ni kama kumwambia mlinzi asinzie ili mgeni mwema aingie; mwizi naye aweza kupita.

Uvimbe huletwa na nini?
1. Maambukizo ya kawaida ya meno, koo au kidonda.
2. Virusi, kama vile vya Epstein-Barr. Wengi wetu tuliambukizwa utotoni, navyo hubaki mwilini vimelala. Kinga ikipungua huamka.
3. Kifua kikuu cha tezi. Huvimbisha shingo hasa, hata kama mtu hakohoi.
4. Saratani ya tezi, ambayo mara nyingi huchochewa na virusi hivyo vya Epstein-Barr. Hatari ni kubwa zaidi mwaka wa kwanza, lakini yaweza kutokea hata baada ya miaka mingi.

Kwa kupapasa tu, huwezi kujua ni ipi kati ya hizo. Daktari hupima damu, na mara nyingi hukata kipande cha tezi kipimwe kwa darubini.

Makosa mawili ya kuepuka
La kwanza ni kujitibu. Dawa za miti shamba zaweza kugongana na dawa za kinga. Hata rifampisini, dawa nzuri ya kifua kikuu, hupunguza nguvu ya takrolimasi. Anayeitoa lazima ajue habari za figo.

La pili ni kuacha dawa za kinga. Ni kweli, mwaka 1984 daktari Thomas Starzl wa Marekani na wenzake walionyesha kwamba baadhi ya uvimbe wa namna hii hunywea dawa hizo zikipunguzwa. Lakini kiasi cha kupunguza huamuliwa na daktari, huku akipima figo. Mgonjwa akiziacha mwenyewe, zawadi ya ndugu yake yaweza kupotea.

Tufanye nini nyumbani?
Mgonjwa ajipapase shingo, makwapa na kinena mara kwa mara. Akiona tezi mpya, aiarifu kliniki yake, hata kama haiumi. Asingoje ikiwa tezi inakua, ni ngumu, imezidi wiki mbili, au anatoka jasho usiku na kukonda. Akiwa na homa, aende siku hiyo hiyo, na achukue dawa zake zote mkononi.

Maswali ya kujikumbusha
1. Kwa nini tezi isiyouma isipuuzwe?
2. Nani mwenye haki ya kupunguza dawa za kinga?